Saa Ishirini na Saba

Msomaji aliyekuwa nami wiki iliyopita aliniacha Mafiga, nimejibanza kwenye ukuta wa duka la dawa, nikimtazama Bi Mwanvita ameinama kwenye dirisha la gari jeupe. Ndani ya gari alikaa Bwana Eric, mtu wa kampuni ya maji ya chupa.

Kwa anayefungua gazeti leo kwa mara ya kwanza, nieleze haraka. Ni mwaka wa tisini na nne. Kiwanda nilichokitumikia miaka ishirini na miwili kama karani wa mahudhurio kimeuzwa, nasi tumepunguzwa. Nimebaki na cheti changu cha masomo ya jioni, mke wangu Veronika, na kikundi chetu cha ramani.

Ramani hiyo ni ya chemchemi za Uluguru, upande huu unaotazama mji. Ipi haikauki, ipi hukauka Septemba, njia gani inafika. Watu thelathini na mmoja tuliichora kwa miaka miwili bila kulipwa. Na ilikuwa ya wote. Kijiji, shule, mkulima, yeyote alikuja na karatasi yake akanakili, akaenda zake.

Kilichoandikwa ni saa tu. Kila mtu saa zake, katika kitabu kimoja. Kitabu nilikishika mimi.

Kisha ikaja barua ya kampuni. Wangetujengea ofisi, wangetupa kompyuta mpya na pikipiki mbili. Wao walitaka jambo moja: ramani iwe yao peke yao, tusimpe mtu mwingine nakala.

Tuliamua kupiga kura Jumamosi. Na kwa sheria ya kikundi, kura haikuwa ya kichwa. Ilikuwa ya saa. Aliyejitolea saa mia ana kura mia.

Nilimshuku Bi Mwanvita. Alikuwa na saa mia tatu na arobaini, nyingi kuliko mtu yeyote. Mimi nilifuata kwa mia tatu na kumi na mbili. Kama angesimama upande wa kampuni, ramani ilikuwa imekwenda.

Usiku ule baada ya Mafiga sikulala. Asubuhi nilifungua kitabu.

*

Miaka ishirini na miwili nilikamata wezi wa saa. Mtu anagongewa kadi ya kuingia kazini na rafiki yake. Mtu anaingia lango la mbele, anatokea la nyuma. Nilijua kuwasoma kwenye karatasi kabla sijawaona usoni.

Kwa hiyo niliposoma ukurasa wa Bi Mwanvita nilisoma kwa jicho hilo. Na nikakuta.

Machi, siku tatu mfululizo. Towelo. Saa kumi na mbili, saa kumi na mbili, saa kumi na mbili. Jumla thelathini na sita.

Siku hizo tatu nilizifahamu. Zilikuwa siku za msiba wa dada yangu Asia, binti wa mama yangu mkubwa, aliyezikwa kijiji hichohicho cha Towelo. Kwetu sisi Waluguru, kukiwa na maiti kijijini hakuna anayeshika jembe mpaka matanga yaanuliwe. Hakuna anayefanya kazi yoyote. Mtoto mdogo anajua.

"Veronika!" niliita. "Njoo uone mwizi."

Mke wangu alikuja na mikono yenye unga.

"Mwizi gani?"

"Mwanvita. Kaandikisha kazi siku za msiba wa Asia. Si ulikuwepo wewe? Alikuwa anafanya kazi?"

"Alikuwa amekaa na sisi jamvini. Tena alilia sana." Veronika alinitazama. "Angalau alikuwepo. Kuna watu wa ukoo ambao hawakuwepo."

"Nilikuwa Dar. Kiinua mgongo hakijileti chenyewe."

"Sijasema kitu, baba watoto." Akarudi kwenye unga wake.

Alikuwa hajasema kitu. Lakini nilifunga kitabu upesi.

*

Jumamosi saa nane mchana tulikutana katika darasa moja kule Bigwa, kwenye madawati ya watoto, magoti yakitugusa kidevu.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Pazi. Ukoo wake na wangu ni watani, na yeye utani hakuuacha nyumbani hata siku moja.

"Kasimiri, umekikumbatia kitabu kama mke mdogo," alisema aliponiona mlangoni. "Ukifa tutakuzika nacho."

"Nikifa wewe utakuwa umeshaoza."

"Basi nitaoza nimekaa, nikusubiri."

Watu walicheka. Katibu alikuwa Mwalimu Victor, mhadhiri wa chuo, mtu wa Bukoba, kijana wa miaka kama thelathini na mitano. Yeye ndiye aliyeingiza chemchemi zetu kwenye kompyuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hujambo?"

"Sijambo. Nasikia leo tutagombana."

"Atakayegombana ni mwenye madoa," nilimjibu, nikamtazama usoni. Yeye pia nilimshuku. Alikuwa ametangaza wazi kwamba anataka tukubali kampuni. Alisema amechoka kununua wino kwa mshahara wake. Lakini kuna tofauti kati ya mtu anayekupinga mchana na mtu anayeegemea gari jeupe kimyakimya.

Sheria ya saa ilikuwa yake. Mwanzoni tuligombana sana. Wengine walisema saa ya msomi kwenye kompyuta ihesabiwe tatu. Wengine walisema saa ya kupanda mlima ndiyo nzito. Wazee wawili walikataa hata kuandikwa, kwa sababu walikumbuka matuta ya kulazimishwa ya enzi za Mwingereza, siku zilivyoandikwa na askari amesimama nyuma. Victor ndiye aliyemaliza ugomvi. Alisema saa ya mhadhiri na saa ya muuza mchicha zote zina dakika sitini, tuandike hivyo au tuache.

Tukaandika hivyo.

Bi Mwanvita alikuwa muuza mchicha. Aliingia wa mwisho, akakaa dawati la nyuma, akatandaza khanga magotini.

Mzee Pazi alifungua kikao. "Kabla ya kura, kuna mwenye neno juu ya saa?"

Nilisimama kabla hajamaliza.

"Mwenyekiti, ninalo. Katika kitabu hiki kuna saa za kughushi."

Nikafungua ukurasa.

Nikasoma. Machi, Towelo, saa thelathini na sita. Nikataja jina. Nikataja msiba.

"Naomba Bi Mwanvita atuambie," nilisema, "tangu lini Mluguru anafanya kazi maiti ikiwa ndani?"

Wanawake wa dawati la mbele waligeuka wote kwa pamoja. Bi Mwanvita hakusimama.

"Kaka Kasimiri, uliwahi kutafuta chemchemi?"

"Nina saa mia tatu na kumi na mbili za kutafuta chemchemi."

"Sijauliza saa. Nauliza namna. Unazitafutaje?"

"Kwa miguu. Napanda."

"Basi mimi, ukiacha mara moja ya kuteka maji, sikupanda. Nilikaa jamvini." Sasa alisimama. "Msiba wa dada yako ulileta wanawake wa vijiji sita. Sita, kaka. Siku gani nyingine wanawake wa vijiji sita wanakaa mahali pamoja siku tatu, hawalimi, hawapiki kwao, hawana pa kukimbilia? Na msiba unataka maji. Maji ya kuosha, maji ya kupika, maji ya watu mia mbili. Kila aliyekwenda kuteka alirudi anasema kateka wapi. Mwingine anamwambia, hapo mbali, mbona kuna nyingine nyuma ya mgomba wa fulani. Mimi nikauliza. Nikaandika nyuma ya daftari la rambirambi."

Alimgeukia katibu. "Mwalimu, mimi nilikuletea ngapi mwezi wa tatu?"

Victor alifunua karatasi zake. "Arobaini na moja."

"Ulizikagua?"

"Tulizikagua zote, mama. Vijana walizunguka wiki mbili. Moja tu haikuonekana."

"Ile ya nyuma ya mgomba," akasema Bi Mwanvita. "Mgomba wameukata."

Kicheko kilipasuka. Nilijua nazama, na anayezama hushika chochote.

"Na gari jeupe pale Mafiga?" nilisema. "Jumanne. Nalo ni msiba?"

Kicheko kikakatika.

"Ah," alisema. "Kumbe ule mguu uliochungulia pale duka la dawa ulikuwa wako."

"Jibu swali."

"Yule bwana alitaka nimpeleke mlimani kwenye chemchemi ambazo hazikauki. Nikamwambia ramani ipo darasani Bigwa, aje na karatasi yake anakili kama watu wengine. Akasema anataka mtu wa kumwongoza. Nikamwambia asubiri kura ya Jumamosi kwanza. Akafunga kioo." Akaninyooshea kidole, taratibu. "Ndiyo hivyo. Kama ulikuwa unasikiliza, ungesogea karibu. Tusingekukaribisha chai, lakini ungesikia."

Nilifunga kitabu. Lakini yeye alikuwa hajamaliza.

"Ila kaka yangu kasema jambo moja la kweli. Sikufanya kazi saa zote zile. Nyingine nililia. Asia alikuwa shoga yangu. Mwalimu, ondoa saa nne kila siku. Machozi yale hayakuwa ya ramani."

"Mama, hakuna aliyekuomba," alisema Victor.

"Nimejiomba mwenyewe. Ondoa."

Victor akaondoa saa kumi na mbili. Mzee Pazi alinitazama kwa jicho lisilo na utani.

"Kasimiri, kaa chini."

Nikakaa.

*

Tukapiga kura. Wanaotaka ramani ibaki ya wote wasimame upande wa madirisha. Wanaotaka kampuni wasimame upande wa ubao.

Nilikwenda madirishani. Victor akaenda ubaoni, na vijana wengi wa mjini wakamfuata. Mzee Pazi, kama mwenyekiti, hakuwa na upande.

Bi Mwanvita alikunja khanga yake. Alitembea katikati ya madawati, polepole, nami nikasema moyoni, sasa mtamwona.

Akaja madirishani. Akasimama kando yangu, bega kwa bega.

"Upande huu?" nilimnong'oneza.

"Ulidhani upande gani?"

"Nilidhani..."

"Nyamaza, kaka, wanahesabu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichotaka kufanya. Nilikuwa nimepigana kufuta saa za mtu wangu mwenyewe.

Victor alijumlisha mara mbili, kisha akampa Mzee Pazi karatasi. Mzee Pazi akaisoma kwa sauti.

"Ubao, saa elfu moja na themanini na tano. Madirisha, saa elfu moja mia moja na nne."

Tulikuwa tumeshinda kwa saa kumi na tisa.

Wanawake walipiga vigelegele. Mtu alinipiga mgongoni. Nilimgeukia Bi Mwanvita nimwombe radhi mbele ya watu, na midomo yangu ilikuwa imeshafunguka.

"Mwenyekiti," ilisema sauti ya Victor, "ukaguzi bado."

"Bado nini tena?"

"Mzee Kasimiri alipinga siku tatu za Machi. Sheria yetu inasema, ukurasa mmoja ukipingwa, kurasa zote za siku hizo zisomwe. Tumesoma mmoja tu."

Sheria hiyo haikuwa ya Victor. Ilikuwa yangu. Niliileta kutoka kiwandani: kadi moja ikitiliwa shaka, unasoma kadi za zamu nzima. Niliwapigia hotuba ndefu juu yake, nao walinipigia makofi.

"Soma basi," alisema Mzee Pazi. "Kasimiri, lete kitabu."

Nilikibana kifuani. Victor alikuja mwenyewe akakichukua mkononi mwangu, kwa adabu, kama mtu anayempokea mzee mzigo.

Alifunua kurasa. Wengi siku zile walikuwa hawana kitu. Ukurasa baada ya ukurasa alisema, "Hakuna. Hakuna. Hakuna." Nilihesabu naye. Nilijua wangu ni wa ishirini na sita.

"Hakuna. Hakuna." Akasogeza kitabu karibu na macho. "Mzee Kasimiri. Siku ya kwanza saa tisa. Siku ya pili saa tisa. Siku ya tatu saa tisa."

"Jumla?" aliuliza Mzee Pazi.

"Ishirini na saba."

Hakuna aliyehitaji kalamu. Kumi na tisa ni ndogo kuliko ishirini na saba.

*

Msomaji, kwako nitasema kabla sijasema kwao. Nimebeba jambo hili tangu Machi.

Mgeni mmoja alinijia nyumbani akajitambulisha kuwa mtafiti. Alivaa buti nzuri. Aliniita profesa. Katika maisha yangu yote, na vyeti vyangu vyote vya jioni, hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Aliniomba nimtembeze mlimani siku tatu anione ninavyofanya kazi. Nikakubali.

Jioni ya kuamkia safari ikaja habari ya Asia. Ningemwambia mgeni asubiri. Sikumwambia. Nilimwambia Veronika nimeitwa Dar kwa ajili ya kiinua mgongo, naye akaenda msibani peke yake.

Siku ya pili tulipita juu ya Towelo. Vilio vilipanda mpaka njiani. Mgeni aliniuliza ile ni sauti ya nini.

Nilimjibu ni harusi.

Chemchemi nilizomwonyesha zilikuwa kwenye ramani tayari. Sikuongeza hata moja. Lakini niliporudi niliandika saa zote, kwa sababu Bi Mwanvita alikuwa amenipita, nami sikupenda kupitwa na muuza mchicha. Na barua ya kampuni ilipofika miezi saba baadaye, chini kulikuwa na sahihi ya mgeni wangu. Eric. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtafuta msaliti katika sura za watu wengine.

*

"Kasimiri," alisema Mzee Pazi. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sisi watani ndio tulioshika msiba ule. Mimi ndiye niliyeuliza, yuko wapi kaka wa marehemu. Tukaambiwa yuko Dar."

"Ndiyo."

"Kitabu kinasema ulikuwa mlimani."

"Ndiyo."

"Kipi cha kweli? Kama ulikuwa Dar, saa hizi ni za uongo na zinafutwa. Kama ulikuwa mlimani..." Alichukua kitabu kwa Victor, akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari. Kilisimama. "Towelo juu. Kasimiri! Umeandika Towelo juu! Ulipita juu ya kaburi la dada yako?"

Mwanamke mmoja alisema, "Yallah."

Nilitazama madirishani. Nyuso za watu waliokuwa wakinipiga mgongo zilikuwa zinanisubiri. Kama ningesema Dar, ramani imekwenda. Kama ningesema mlimani na mtu wa kampuni, saa hizo zilikuwa za kampuni, si za kikundi, na ramani imekwenda vilevile.

Lilibaki jibu moja.

"Nilikuwa mlimani," nilisema. "Nimeutia ukoo aibu, nitalipa faini yake. Lakini saa ni za kweli."

"Peke yako?" aliuliza Victor.

Lilikuwa swali jepesi tu. Sidhani hata alishuku kitu.

"Peke yangu."

Mzee Pazi alikuna ndevu zake muda mrefu. Utani wa ukoo una haki zake, na moja ni kutoridhika upesi.

"Siku ya pili maji ya bondeni yaliisha," alisema. "Nakumbuka. Wanawake walipanda kuteka juu. Nani aliwaongoza?"

Akazungusha macho darasani.

"Nani aliwaongoza kupanda Towelo juu, siku ya pili?"

Bega lililokuwa kando ya bega langu likaondoka.

"Mimi," alisema Bi Mwanvita.

"Ulimwona Kasimiri huko?"

"Nilimwona."

Miezi saba alikuwa amejua. Miezi saba alikaa kikaoni na mimi, akaniita kaka, akanipa saa zake niziandike, na leo nimemwita mwizi mbele ya watu wote.

"Alikuwa peke yake?"

Alinigeukia. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo lilinitisha zaidi. Alinitazama kama anavyotazama fungu la mchicha sokoni kabla ya kusema bei. Huyu ni mwanamke aliyekuwa ametoka kujikata saa kumi na mbili kwa sababu alilia.

Nje watoto walikuwa wakicheza mpira.

"Bi Mwanvita," alisema Mzee Pazi, "tunasubiri."

Alijifunga khanga upya kiunoni, fundo mara mbili. Kisha akaniacha, akatembea mpaka kwenye meza ya katibu, akaiwekea mikono miwili.

"Mwalimu, shika kalamu," alisema. "Nitakachosema nataka kiandikwe."